Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

Msafiri apandaye nyanda za juu kusini mwa Tanzania baada ya mavuno, akaipita Makambako kuelekea Njombe, au akashika njia ya Sumbawanga, huona kandokando ya barabara magunia ya mahindi yamepangwa kama kuta, viazi vimejazwa lumbesa hata vikafurika midomo ya magunia, na malori yakingoja kuichukua neema hiyo hadi Dar es Salaam na ng'ambo ya mipaka. Na akiwa mtu wa shukurani, atamhimidi Mola aliyeijalia ardhi ile mvua na rutuba. Lakini msafiri huyo huyo, lau angeshuka garini akaingia vijijini na ubao wa kupimia kimo cha watoto, angerudi na majonzi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa katika Tanzania nzima asilimia 30 ya watoto wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko iupasavyo umri wao. Katika mkoa wa Iringa waliodumaa walikuwa takriban asilimia 57, na katika Njombe na Rukwa walikuwa takriban nusu ya watoto wote. Mikoa hii mitatu ni miongoni mwa ile tuiitayo kwa fakhari ghala la taifa. Penye miti, walisema wahenga, hapana wajenzi. Nasi twaweza kuongeza, kwa uchungu, ya kuwa penye mahindi hapana afya.

Jambo hili lastahili kutafakariwa kwa utulivu, maana lapinga dhana tuliyoizoea tangu utoto. Tumezoea kudhani ya kuwa njaa ni adui aonekanaye: hufuata ukame, nzige au vita, hukondesha mwili na kutokeza mbavu, kisha huondoka mvua inyeshapo na ghala likajaa. Njaa hiyo ipo, na ni kali. Lakini iko ndugu yake aliye kimya, akaaye katika nyumba yenye ugali kila jioni, akala na watu sahani moja, wala asitambuliwe mpaka amekwisha kutwaa alichokijia. Wataalamu wa lishe huiita njaa iliyofichika. Mtoto aliyeshikwa nayo halii, kwa kuwa tumbo lake limejaa. Walakini damu yake ni hafifu, mifupa yake haikurefuka, macho yake yafifia jua likitua, na akili yake haikupewa fursa ya kufikia upeo ambao angeufikia. Nia yangu ni kutoa hoja moja tu, nayo ni kwamba kosa letu limo katika kipimo: twapima chakula kwa gunia, ilhali ingetupasa kukipima kwa mwili wa mtoto.

Vitu vikosekanavyo katika njaa hii ni vidogo mno kwa kiasi, na pengine ndiyo sababu twavidharau. Iodini yote aihitajiyo mwanadamu tangu kuzaliwa hata uzee wake haijazi kijiko kimoja cha chai. Lakini aikosaye kabla ya kuzaliwa huenda akaishi aushi yake yote na ubongo uliopunjwa. Ukweli huu una historia ndefu, na ukurasa mmoja wa historia hiyo uliandikwa katika pwani yetu. Mwezi wa Januari mwaka 1499 merikebu za Vasco da Gama zilifika Malindi baada ya kuivuka Bahari ya Hindi kwa takriban miezi mitatu, na katika kuvuka huko mabaharia thelathini walikuwa wamekufa kwa maradhi ya kuvimba ufizi na miguu, nao waliosalia wakawa hoi. Shajara ya safari ile yasimulia ya kuwa mkuu wao alimtuma mtu ufukoni kutafuta machungwa, kwa maana wagonjwa waliyatamani mno. Maradhi yale ni kiseyeye, nayo hutokana na ukosefu wa vitamini C. Na miaka karibu 250 ilipita hata James Lind, tabibu wa manowari ya Kiingereza, alipoonyesha mwaka 1747 ya kuwa machungwa na malimau huyaponya. Tunda ambalo mtoto wa Malindi aliliokota chini ya mti akaenda zake lilikuwa ni uhai kwa watu waliokuwa na mizinga na dira.

Kadhalika katika miaka ya 1890, kisiwani Java, tabibu wa Kiholanzi aitwaye Christiaan Eijkman aliwaona kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa wakilegea miguu na kupooza mfano wa wagonjwa wa beriberi. Waliporudishiwa mchele wenye wishwa wake, wakasimama. Kilichotupwa kama taka ndicho kilichokuwa dawa. Elimu ile ilimpatia Eijkman tuzo ya Nobel mwaka 1929, lakini sidhani kama imekwisha kufika katika mashine zetu za kusaga. Hata leo mtu akijaliwa senti kidogo huacha dona akala sembe, kwa kuwa sembe ni nyeupe, na weupe tumeufanya alama ya ustaarabu na ya kujiweza. Mahindi hukobolewa ganda na kiini, ambamo mna mafuta, madini ya chuma na zinki na sehemu kubwa ya vitamini B. Vyote hivyo huenda kwa kuku na nguruwe kwa jina la pumba, nasi tukarudi nyumbani na wanga mtupu, tukajisifu ya kuwa ugali wetu hauna doa.

Mambo hayakuwa hivi daima. Mpishi wa pwani apondaye kisamvu akakitia tui la nazi, au mama wa Tabora aungaye mlenda na matembele kwa karanga, hakusoma kitabu chochote kuhusu vitamini A, lakini apika kama aliyekisoma. Maana asili ya vitamini hiyo iliyomo katika majani ya kijani haipenyi vema mwilini ila ikisindikizwa na mafuta. Mafuta mekundu ya mawese ya Kigoma ni hazina ya vitamini hiyo hiyo; dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana chokaa ya kujenga mifupa; ubuyu na ukwaju vina ukakasi wenye manufaa; na togwa ya watu wa kusini, kwa kuwa imechachushwa, huufungua mtama na mahindi ili madini yake yapate kufyonzwa. Yote haya tulikuwa nayo, na mengi tungali nayo. Lakini tumeyapa jina la chakula cha maskini, na hakuna sumu iliyopenya jikoni mwetu kwa urahisi kuliko jina hilo. Mgeni akija huchinjiwa kuku na kupikiwa pilau, na hiyo ni adabu njema. Ila mchicha huondolewa mezani kwa haya, kana kwamba umeivunjia heshima nyumba.

Sina budi kusema neno juu ya lawama, kwa sababu lawama imeua watoto wengi. Katika pwani ya Tanzania mtoto anyonyaye akianza kudhoofu, nywele zikapauka na miguu ikavimba, watu hunong'ona ya kuwa amebemendwa. Maana yake ni kwamba wazazi wake hawakujizuia wakati wa kunyonyesha, au mmoja wao alitoka nje ya ndoa, na uchafu wa tendo hilo ukamwangukia mtoto. Wamijikenda wa Kenya wanayo chirwa, ambayo yafanana na hiyo. Na mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana, aliupa ulimwengu wa utabibu neno la lugha ya Kiga, ambalo sisi twalitamka kwashiakoo, lenye maana ya maradhi ya mtoto aliyeondolewa kifuani kwa kuja kwa mdogo wake. Mataifa haya yaliyo mbali yalitambua kwa macho yao kitu kimoja cha kweli, kwamba hatari humkabili mtoto wakati wa kuachishwa ziwa, mimba nyingine ikiingia na uji mwepesi ukichukua mahali pa maziwa. Tofauti ni kwamba Waga walitaja wakati wa maradhi, na sisi tukataja dhambi ya mzazi; na aghalabu mzazi aliyebebeshwa dhambi hiyo akawa ni mama peke yake. Mama aliyekwisha kuhukumiwa na mtaa hampeleki mwanawe kliniki mchana kweupe. Humficha, humpeleka kwa mganga usiku, na siku za kumwokoa zikapita. Insafu yatutaka tuliondoe neno hilo la kubemendwa katika ndimi zetu. Mtoto wa namna hiyo hakubemendwa na mtu: amekosa chakula kimpasacho, na pengine maradhi ya kuhara au minyoo yamekila hata kile kidogo alichokipata.

Baada ya lawama, tutazame madhara. Takwimu za taifa zaonyesha ya kuwa zaidi ya nusu ya watoto wetu wadogo, na takriban wanawake wanne katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa, wana upungufu wa damu. Sababu zake ni nyingi, zikiwamo malaria na minyoo, walakini ukosefu wa madini ya chuma una sehemu yake kubwa. Mwanamke wa hali hiyo huchoka kabla ya saa nne ya asubuhi, na jirani humwita mvivu. Akijifungua na kutokwa na damu, hana akiba ya kumvusha. Hapa pana mazoea yetu ambayo sharti tuyatazame upya: chai. Chai ya rangi inywewapo pamoja na chakula, au mara tu baada yake, huyafunga madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga yasifyonzwe. Ilhali kipande cha limau, embe au papai katika mlo huo huo huyafungulia njia. Kuahirisha kikombe kwa muda wa saa moja hakumgharimu mtu hata senti.

Kuhusu iodini, wazee wa nyanda za juu wanakumbuka zama ambazo rovu shingoni lilikuwa kitu cha kawaida hata halikuwashangaza watu. Rovu lilikuwa ni dalili ya nje tu. Msiba wenyewe ulikuwa ndani, katika tumbo la mama, ambamo ubongo wa mtoto ulijengwa kwa upungufu. Kuanzia mwaka 1986 Serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya zilizozidiwa, na miaka mingi baadaye wachumi watatu, Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero, walichunguza watoto ambao mama zao walivipata wakati wa mimba; katika utafiti uliotangazwa mwaka 2009 walionyesha ya kuwa watoto hao walisonga mbele shuleni kwa kiasi cha kati ya theluthi moja na nusu ya mwaka kuwapita wenzao, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wasichana. Tafakari, msomaji, ni walimu wangapi, madawati mangapi na viboko vingapi vingehitajiwa kuleta tija iliyoletwa na kidonge kimoja. Wala asidhani mtu wa pwani ya kuwa bahari yamkinga: Pemba, kisiwa kilichozungukwa na maji ya chumvi pande zote, kilikutwa na rovu, kwa kuwa chumvi ianikwayo juani haina iodini ya kutosha mpaka itiwe kwa makusudi.

Vitamini A nayo ina ithibati yake. Mwaka 1986 Alfred Sommer na wenzake walitangaza habari za watoto wa Aceh, kisiwani Sumatra, waliopewa kidonge cha vitamini hiyo mara mbili kwa mwaka, na vifo miongoni mwao vikapungua kwa takriban theluthi moja. Kwa muda mrefu watu walidhani ya kuwa upungufu huo hudhuru jicho tu. Kumbe mtoto asiyeona vema magharibi ni mtoto ambaye surua na kuhara vimekwisha kumwandama. Ndiyo maana kila Juni na Desemba watoto wetu huitwa vituoni kupewa matone, na mzazi aachaye kumpeleka mwanawe ampunguzia ngao.

Lakini ni wajibu wangu kutia hadhari, wasije wasomaji wakaelewa ya kuwa tiba yote imo katika vidonge. Kisiwani Pemba, tangu mwaka 2002, watoto kwa maelfu walipewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki bila kupimwa kwanza ni nani mwenye upungufu na nani hana. Mwezi wa Agosti mwaka 2003 sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa, kwa sababu waliovipata walikuwa wakilazwa hospitalini au kufa zaidi kuliko wenzao. Matokeo yake yalipochapishwa mwaka 2006 dunia ilijifunza ya kuwa katika nchi ya malaria chuma si kitu cha kumwagwa ovyo: humfaa aliyepungukiwa, hasa akitibiwa malaria pia, na huweza kumdhuru asiyekihitaji. Kidonge ni cha kumwokoa mtu; cha kumlea mtu ni chakula. Serikali ilipoweka mwaka 2011 kanuni za kuongeza virutubishi katika unga na mafuta ya kula ilitenda jambo la busara, maana asidi ya foliki katika unga humfikia mwanamke kabla hata hajajua ana mimba, wakati ambapo mgongo wazi wa mtoto waweza kuzuiwa. Hata hivyo, kanuni hizo hutekelezeka vema katika viwanda vikubwa. Mahindi ya Mufindi na Ludewa husagwa katika mashine ndogo ya kijijini, na huko virutubishi ni nadra kufika.

Najua pingamizi nitakayokabiliwa nayo. Mtu ataniambia: "Ewe mwandishi, watu hawali vizuri kwa sababu hawana fedha, waache na elimu yako ya mchicha." Sina nia ya kuudharau umaskini, na aliye na njaa hasomeshwi. Ila nauliza, kama umaskini ungekuwa ndiyo sababu pekee, mbona mikoa yenye mavuno mengi ndiyo yenye watoto wafupi kuliko mikoa mingine iliyo kame na iliyo fukara? Jibu limo katika njia ambayo chakula hupita. Mayai, maharage na maziwa hutoka nyumbani kwenda sokoni, na fedha zake aghalabu hushikwa na mwanamume, ambaye hana habari ya siku ngapi mtoto amekula uji wa mahindi pasipo kitu kingine. Mama huamka alfajiri, hulima hata adhuhuri, huchota maji, hutafuta kuni. Mtoto wa mwaka mmoja, ambaye tumbo lake ni dogo kama ngumi yake na ambaye angepaswa kula mara nne au tano kwa siku, hulishwa asubuhi na usiku, uji mwepesi, na mkono wa dada yake mwenye umri wa miaka saba. Siku zake 1000 za mwanzo, kuanzia kutungwa mimba hata kutimiza miaka miwili, hupita hivyo. Na kilichopotea katika siku hizo ni kama maji yaliyomwagika. Kwa hiyo kumhubiria mama juu ya lishe bila kumpunguzia mzigo ni kumwongezea mzigo wa pili.

Wala si kweli ya kwamba jambo hili halina dawa, na shahidi wangu ni Iringa yenyewe. Mwaka 1983 ulianzishwa huko mpango wa lishe uliosaidiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya watoto na ya afya, kwa fedha za Italia, ukishirikiana na Taasisi ya Chakula na Lishe iliyoundwa mwaka 1973. Katika vijiji 168 watoto walipimwa uzito kila robo ya mwaka hadharani, siku ya afya ya kijiji, na matokeo yakajadiliwa na serikali ya kijiji kama zinavyojadiliwa habari za barabara na mbolea: mtoto huyu amepungua, kwa nini, na nani atafanya nini kabla ya robo ijayo? Akina mama walifundishwa kutumia kimea ili uji uwe laini pasipo kutiwa maji mengi, na zilipangwa namna za kuwalisha watoto mchana mama zao wakiwa shambani. Katika miaka michache utapiamlo mkali ulishuka kutoka zaidi ya asilimia 6 hadi chini ya asilimia 2, na Umoja wa Mataifa ukachukua hekima ya Iringa kuifundishia dunia. Fedha za mpango zilipokwisha, mizani mingi ikapigwa vumbi. Hatukushindwa kwa kutojua, tulijua, tukaacha.

Ninalolitaka, basi, ni jambo lisilohitaji kitu kigeni. Kila mwaka viongozi wa mikoa hutangaza tani za mahindi zilizovunwa, na magazeti huziandika kwa herufi kubwa. Na iwe ada ya nchi kwamba siku hiyo hiyo, katika waraka huo huo, watangaze pia kimo cha watoto wa mkoa wao, wilaya kwa wilaya, wala asipongezwe kiongozi kwa takwimu ya kwanza mpaka imesomwa ya pili. Tangu mwaka 2017 wakuu wa mikoa wamekuwa wakitia saini mkataba wa lishe, na halmashauri ziliagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5. Ni mwanzo mwema, lakini mkataba usomwao ofisini tu hauwezi kumwaibisha mtu wala kumtia shime. Usomwe kijijini, mbele ya akina baba, siku ya kupima watoto. Na akina baba wahudhurie, wamshike mtoto wao wenyewe na kumweka katika mizani, kwa maana aliyeushika uepesi wa mwanawe kwa mikono yake miwili hatahitaji mhubiri wa kumwambia lile trei la mayai liende sokoni au libaki nyumbani.

Kila mkulima wa nyanda za juu anaijua lumbesa na anaichukia, kwa sababu ni gunia lililojazwa kupita kipimo likalipwa kama gunia moja. Na amekuwa akidai, kwa haki yake yote, ya kuwa mizani itumike ili asipunjwe. Dai hilo ni la insafu. Nami naliazima, niliweke mbele ya mkulima huyo huyo, na mbele ya mbunge wake, mkuu wa mkoa wake na sisi sote tulao jasho lake mijini: nyumbani kwake yuko mtu mdogo ambaye hupunjwa kila siku, hawezi kudai, na mizani yake imening'inia zahanati bila kazi.